Walimu Vijana wa Chuo Kikuu na Historia ya Ziwa Mweru

Kisiwa cha Chisenga kipo pale Mto Luapula unapoingia katika Ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Wakazi wa upande huu wote husema Kibemba, lakini avukaye kwenda masoko ya ng'ambo hana budi kusikia Kiswahili cha Katanga kikitumika bega kwa bega na Kibemba. Kwa hiyo, ingawa sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuelekeza macho yetu pwani, eneo hili si geni kwetu kama lidhaniwavyo. Tangu karne ya kumi na tisa misafara ya Waswahili ilifika katika mji wa Mwata Kazembe, kusini ya ziwa, kununua pembe na shaba. Livingstone alipofika huko mwezi wa Novemba, 1867, alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh amekwisha kaa miaka mingi.

Makala hii, hata hivyo, haihusu misafara. Inahusu watu waliokuja baadaye na madaftari, wakauliza habari za kale, wakaandika. Mara nyingi tusomapo kitabu cha historia tunatazama jina la mwandishi na mwaka kilipochapishwa, kisha tunaingia katika maneno yake. Ni nadra kuuliza: mwandishi huyu alipokuwa bado mchanga katika elimu, nani alimpa muda? Nani aliusoma mswada wake wa kwanza, ambao bila shaka ulikuwa mbaya? Maswali haya yana maana kubwa kwa vyuo vikuu vyetu, kwa sababu mwalimu kijana wa Chuo Kikuu ndiye mtu anayesahauliwa upesi kuliko wote. Mwanafunzi ana mwalimu wake, profesa ana cheo chake, lakini kijana aliyemaliza shahada jana na leo amekabidhiwa darasa hana hiki wala kile. Ukingo wa Ziwa Mweru unatupa nafasi nzuri ya kulitazama jambo hili, kwani vijana wawili wa nyakati mbalimbali waliandika habari za maji yaleyale, na njia zilizowalea hazikufanana.

Wa kwanza alikuwa Mwingereza, Ian Cunnison. Alikwenda bonde la Luapula mwaka 1948 akiwa bado kijana, akafanya kazi huko hadi 1951. Aliyempeleka ni Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka 1937 katika mji wa Livingstone, karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Kwa jina lake tu taasisi hiyo ilikuwa mtoto wa ukoloni, na fedha zake zilitoka kwa serikali na makampuni ya migodi. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Godfrey Wilson. Baada yake akaja Max Gluckman, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeiongoza tangu 1941 hadi 1947.

Gluckman alikuwa mtu wa kelele na ubishi, na wenye mamlaka hawakumpenda sana. Lakini katika jambo moja aliona mbali. Mwaka 1945 alitoa mpango wa utafiti wa miaka saba kwa ajili ya nchi za Afrika ya Kati zilizokuwa chini ya Uingereza. Ndani yake hakuorodhesha tu makabila ya kuchunguzwa na mambo ya kuuliza. Alifikiri pia juu ya wachunguzi wenyewe. Mpaka wakati ule desturi ilikuwa mchunguzi aende peke yake kijijini, akae, arudi kwao, na kama angeshindwa kuandika basi shauri yake. Gluckman alitaka watafiti wapya wafunzwe pamoja. Kundi la kwanza, ambamo walikuwamo John Barnes, Clyde Mitchell na Elizabeth Colson, lilipelekwa Cape Town mwaka 1946 kusoma chini ya Isaac Schapera, kisha likafanya uchunguzi wa majaribio miongoni mwa Walamba kabla kila mmoja hajakwenda kwenye eneo lake. Baada ya muda fulani wa kukaa vijijini walirudi makao makuu, wakasomeana waliyoyapata na kusahihishana. Halafu walikwenda tena. Mwishoni walipewa muda wa kuandika wakiwa Uingereza. Gluckman alipopata uprofesa Manchester mwaka 1949, vijana hawa walimfuata huko kwa zamu, na semina yake ikawa mahali pa kupigana kwa hoja juu ya miswada isiyokwisha. Husimuliwa kwamba mtu wa semina hiyo alitarajiwa hata kwenda kuitazama Manchester United ikicheza, apende asipende.

Mpira tuuache. La muhimu ni kwamba Cunnison alipofika Luapula alikuwa na wenzake. Mkurugenzi wa wakati ule, Bibi Colson, alikuwa naye amekwisha lala katika vijiji vya Watonga na kuyajua matatizo ya kazi hiyo. Kijana aliyekwama hakuandika barua kwa mkubwa asiyejua homa wala matope. Alimwandikia mtu aliyekuwa katika kazi ileile mwaka uliopita.

Msaada huu ulizaa nini? Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa jambo alilolivumbua Cunnison linatuhusu hasa sisi watu wa lugha.

Watu wa Luapula wa asili mbalimbali waliishi pamoja bondeni: Wabwilile waliohesabiwa kuwa wenye nchi wa kwanza, Washila ambao ni wavuvi wa mfalme Nkuba, na Walunda wa Mwata Kazembe waliotoka magharibi wakaitawala nchi. Kila ukoo ulikuwa na historia yake, na historia hiyo ilikuwa mali. Mtu wa ukoo mwingine hakuisimulia, hata kama aliijua. Cunnison alipoketi na mkuu wa ukoo na kumwomba habari, mzee alianza: mimi nilitoka mahali fulani, nikavuka mto, nikamkuta fulani, tukapigana, nikamwachia mke. Msikilizaji mgeni angedhani mzee anasimulia ujana wake. Kumbe anasimulia mambo ya mtu aliyekufa miaka mia moja au zaidi iliyopita. Yeye amerithi jina la marehemu, na pamoja na jina amerithi cheo, wake, jamaa, ugomvi na urafiki wake. Kama marehemu alikuwa kaka wa mwenye jina jingine, basi warithi wa majina hayo mawili ni kaka na kaka hata leo, ijapokuwa kwa damu hawana uhusiano wowote. Kwa hiyo nafsi ya kwanza umoja, ambayo sisi tunawafundisha watoto kuwa ni yule asemaye, huko Luapula ilikuwa pana kuliko mwili wa msemaji.

Linganisha na tarehe za miji ya pwani yetu, kama ile ya Pate, ambazo huwataja wafalme kwa nafsi ya tatu mmoja baada ya mwingine: alitawala fulani, akafa, akatawala fulani. Mwandishi amesimama kando. Luapula msimulizi hakusimama kando hata kidogo. Kwa sababu hii Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, alipokusanya historia ya Walunda kwa msaada wa Padre Labrecque, kitabu kilichotoka kwa Kibemba mwaka 1951 kiliitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Wahenga Wangu na Watu Wangu. Mwenye kusema “wangu” hapo si Chinyanta peke yake. Cunnison alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, tafsiri ikachapishwa mwaka 1961.

Ndani ya masimulizi hayo imo habari ya Nachituti. Huyu alikuwa dada wa Nkuba. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake kwa sababu ya mke, na ngozi ya marehemu ikatandikwa mahali ambapo mama mtu angeikalia bila kujua. Nachituti alipofahamu, alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Walunda wakamshinda Nkuba, na Nachituti akamkabidhi Mwata nchi na maji yake. Kwa masimulizi hayo Walunda hupata haki ya kutawala ziwa na mito, na kwa masimulizi hayohayo wenye nchi wa asili hudai kwamba zawadi haikumaliza haki zao. Hadithi kama hiyo huwezi kuielewa kwa kuisikia mara moja. Lazima uisikie kwa Walunda, uisikie kwa Washila, kisha usubiri kuona inatajwa wakati gani na nani ananyamaza ikitajwa.

Ndiyo maana nasema muda ndio msaada wa kwanza. Mtafiti aliyepewa miezi mitatu angerudi na daftari lililojaa “mimi” na “nilivuka”, akaandika upuuzi. Cunnison alipewa miaka. Hata baada ya kuondoka Luapula hakuharakishwa: makala yake juu ya historia katika Luapula ilitoka 1951, lakini kitabu chenyewe juu ya watu wa Luapula kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1959. Baadaye alifundisha Khartoum na kisha Hull.

Sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi, maana sifa peke yake zingekuwa uongo. Taasisi iliyowalea vijana hawa vizuri namna ile ilikuwa na vijana wengine ambao haikuwalea hivyo. Hao ni wasaidizi wa utafiti, Waafrika, waliotafsiri, waliohesabu nyumba, waliouliza maswali, waliofungua milango ya wazee, na mara nyingi walioeleza maana ya majibu. Ili kuwa afisa mtafiti ilihitajiwa shahada, na Rhodesia ya Kaskazini haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu cha Rhodesia na Nyasaland kilifunguliwa Salisbury mwaka 1957 tu. Kwa hiyo msaidizi angeweza kufanya kazi miaka kumi, akaijua nchi kuliko bwana wake, na akabaki msaidizi.

Miongoni mwao yupo Jacques Chileya Chiwale. Mwaka 1962 Taasisi ilichapisha kazi yake juu ya majina ya sifa ya Walunda wa Kazembe, pamoja na maana zake na historia iliyo nyuma yake. Mtu yeyote aliyejaribu kufasiri majigambo au tenzi za zamani anajua ugumu wa kazi ya namna hiyo. Majina ya sifa ya Walunda yamo katika maneno ya kale yasiyo Kibemba cha kila siku, na wengi wanaoyasikia yakipigwa na ngoma hawayaelewi. Chiwale aliyakusanya, akayaeleza. Kazi ya daraja hiyo ingekuwa mwanzo mzuri wa shahada ya uzamili mahali popote. Lakini hakukuwa na ngazi ya kuipandia. Mwanahistoria Lyn Schumaker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 juu ya Taasisi hiyo, ameonyesha kwa urefu jinsi wasaidizi walivyoujenga utafiti wa wakati ule. Nadhani amesema kweli, na jambo hilo lilipaswa kusemwa miaka arobaini kabla.

Ikumbukwe kwamba hali haikuwa tofauti sana Makerere. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa huko na kuongozwa na Audrey Richards tangu 1950, nayo iliwakutanisha watafiti wake katika mikutano ya kusomeana kazi, na wengi waliosomeana walitoka Ulaya na Marekani. Lakini Makerere angalau kilikuwapo chuo kilichotoa wahitimu Waafrika.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964, Wazambia waliokuwa na shahada walikuwa kama mia moja hivi katika nchi nzima. Tume ya Sir John Lockwood ilikuwa imekwisha shauri mwaka 1963 kwamba nchi iwe na chuo kikuu chake chenyewe, kisichofungwa na mitihani ya London. Wananchi walichangia ujenzi. Wasio na fedha walitoa mahindi na kuku. Mwezi wa Machi 1966 wanafunzi 312 wa kwanza waliingia. Wahadhiri wao karibu wote walikuwa wageni. Taasisi ya zamani iliingizwa katika Chuo Kikuu na jina la Rhodes likafutwa. Tangu 1971 iliitwa Taasisi ya Mafunzo ya Kiafrika.

Swali likawa: hao wageni watapokewa na nani? Jibu la Chuo, ambacho baadaye kiliongozwa na Profesa Lameck Goma, Mzambia wa kwanza kuwa Makamu Mkuu wa Chuo, lilikuwa kuwachagua wahitimu bora na kuwaajiri kama walimu wanaoendelezwa. Kijana wa namna hiyo alisaidia kufundisha, akapelekwa nchi za nje kwa shahada za juu, akiwa ametia sahihi kwamba atarudi na kukitumikia Chuo. Dar es Salaam tulikuwa na utaratibu wa aina hiyohiyo wa wakufunzi wasaidizi. Idara ya Historia ya hapo ilianza 1964 chini ya Terence Ranger. Isaria Kimambo alikwenda Northwestern, Marekani, akapata udaktari wake 1967, na mwaka 1969 yeye na Arnold Temu wakatoa historia ya Tanzania iliyoandikwa na watu wa idara yenyewe. Miaka mitano tu! Huko Lusaka naye Bibi Mutumba Mainga, mmoja wa Wazambia wa kwanza kufundisha historia katika Chuo hicho, alitoa mwaka 1973 kitabu chake juu ya wafalme wa Walozi, kilichotokana na tasnifu aliyoiandika London.

Kijana wetu wa pili ametoka katika malezi hayo. Ni Mwelwa Musambachime. Mwaka 1981 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kwa tasnifu juu ya maendeleo ya uvuvi katika Mweru na Luapula tangu 1920 hadi 1964. Madison wakati huo palikuwa mahali penye rutuba kwa historia ya Afrika. Jan Vansina, aliyewafundisha wanahistoria wa ulimwengu kuyachukua masimulizi ya mdomo kama ushahidi, alikuwa mwalimu huko. Wasomaji wa jarida hili watapenda kukumbuka kwamba Euphrase Kezilahabi naye, akiwa mhadhiri kijana wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam, alikwenda Madison hiyohiyo na kupata udaktari wake 1985.

Tazama jinsi maswali yalivyobadilika. Cunnison aliuliza: nani ana haki ya nchi, na haki hiyo husimuliwaje? Musambachime aliuliza: nani aliuza samaki, kwa bei gani, na nani alikula faida? Alifuata nyavu, mitumbwi, barafu na malori. Katika miaka ya ukoloni wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga, upande wa Wabelgiji, walinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka Elisabethville kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kutaga mayai, alivuliwa bila kiasi hata mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yale yakaporomoka. Mvuvi wa Chisenga hakuhitaji kuambiwa na profesa kwamba mpumbu ametoweka. Alihitaji mtu wa kuandika ni kwa biashara ya nani.

Kabla ya hapo palikuwa na malale. Musambachime alichapisha mwaka uleule wa 1981 makala juu ya ugonjwa huo katika Mweru na Luapula baina ya 1906 na 1922. Kampuni iliyoitawala nchi kwa niaba ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka kingo za mto na ziwa, na watu wa maji wakaambiwa wakae mbali na maji. Katika nyaraka za serikali tendo hilo ni la afya ya umma. Katika vinywa vya wazee ni kupoteza mashamba, samaki na makaburi. Mwaka 1987 akatoa makala juu ya machafuko ya kisiasa ya 1953 katika eneo hilohilo. Mwaka 1988 akaandika juu ya uvumi wa banyama, watu waliosadikiwa kuwakamata Waafrika na kuwanyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Sisi wa Tanganyika na pwani ya Kenya tunaujua uvumi huo kwa jina la mumiani, na mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba hofu nayo ina historia, makala hiyo itamfaa sana.

Hapa pana jambo ambalo watu wa vyuo hawapendi kulisema wazi. Orodha hii ya kazi inapendeza, lakini iliandikwa katika miaka mibaya. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na Zambia iliishi kwa shaba. Chuo Kikuu kilifungwa mara kadhaa kwa sababu ya migogoro ya wanafunzi na serikali. Mwaka 1971 na tena 1976 wanafunzi walipelekwa makwao. Katika miaka ya 1980 thamani ya kwacha iliporomoka. Maktaba ikashindwa kulipia majarida ya nje, kwa hiyo kijana aliyerudi na udaktari hakuweza kusoma hata makala yake mwenyewe iliyochapishwa ng'ambo. Nyumba zikawa haba. Mshahara wa mhadhiri ukawa wa kujazia kwa bustani na kuku. Wageni waliokuwa wakisimamia tasnifu waliondoka kabla Wazambia wa kutosha hawajawa maprofesa, na hivyo mwalimu kijana akajikuta hana mkubwa juu yake wa kumwongoza wala mwenzake kando yake wa kumkosoa.

Watu husema tatizo lilikuwa fedha. Kwa sehemu kubwa ni kweli, sibishi. Lakini Taasisi ya Gluckman haikuwa tajiri, na baadhi ya mambo iliyowapa vijana wake hayakugharimu kitu: kuketi pamoja, kusomeana, kumwambia mwenzako kwamba sura yake ya tatu haisimami. Vyuo vyetu vilijali zaidi safari ya kwenda kuliko siku ya kurudi. Kijana alipewa tiketi, ada na posho. Aliporudi alipewa darasa la wanafunzi wengi, ukatibu wa kamati mbili tatu, na ahadi ya nyumba. Mkataba wake ulimlazimisha kurudi. Haukumlazimisha mtu yeyote kumpokea.

Katika upande wa Kiswahili hali ilikuwa na nafuu kidogo, na sababu yake si mapesa bali majarida. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa na jarida lake la kitaalamu lenye asili ya miaka ya 1930, na tangu 1971 ikawa na Mulika, jarida dogo lililopokea makala za walimu na wahadhiri kwa Kiswahili. Mhadhiri kijana aliweza kutoa hoja yake humo, ikapingwa na mwalimu wa sekondari kutoka bara katika toleo lingine. Hakungoja kukubaliwa London wala Madison. Mwanahistoria wa Lusaka hakuwa na uwanja kama huo kwa lugha ya wasomaji wake: kazi za Musambachime nilizozitaja zilichapishwa Marekani, kwa Kiingereza, na mvuvi au mwalimu wa shule ya msingi wa Nchelenge angezipata kwa bahati tu. Kitabu cha Chinyanta kilisomwa vijijini kwa sababu kiliandikwa kwa Kibemba.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 baraza la utafiti la CODESRIA, lenye makao yake Dakar, lilianza kutoa ruzuku ndogo kwa Waafrika wanaoandika tasnifu katika vyuo vya Afrika wenyewe. Ruzuku hizo ziliwasaidia wengi kufika nyanjani na kununua vitabu. Hazikuweza kuwapa wasimamizi.

Mwaka 1990 Musambachime aliacha kwa muda samaki na malale, akaandika juu ya shule za nchi yake: jinsi ongezeko la watu na kuanguka kwa uchumi kulivyoishusha elimu ya Zambia. Ni makala yenye uchungu, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba inayovuja. Mwaka 1994 ikatoka makala yake ndefu juu ya Ubutwa, chama cha siri cha watu wa kandokando ya Mweru, upande wa Zambia na upande wa Kongo, ambacho wamisionari na maofisa wa pande zote mbili walijitahidi kukiua. Wakati huo wahadhiri wengi wa kizazi chake walikuwa wamekwisha kwenda kufundisha Botswana, Swaziland na Afrika ya Kusini. Mwaka mmoja baadaye Kezilahabi naye alihamia Gaborone.